Marejeo ya Coleta

Insha ya kwanza ya Coleta chuoni ilirudi na alama thelathini na moja, na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: Hakuna marejeo.

Alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha kilimo mjini Sumbawanga, binti wa wakulima wa kijiji cha Mpui. Swali lilitaka waeleze namna ya kurutubisha udongo bila mbolea ya dukani. Akaandika anachokijua: ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo bibi yake hufukia majani ndani yake, hupanda maharage juu, na msimu unaofuata huyabomoa na kumwaga mbegu za ulezi. Aliandika siku nne, akifuta na kuanza tena.

Mwenzake darasani, Oswaldi, alipata sabini na mbili. Hakuficha kwamba insha yake aliitoa steshenari moja ya mtaa wa Mazwi, ambako wahudumu hubadilisha jina tu na kukuchapia. Akamshauri naye aende huko. Coleta akamjibu kwamba hakuja chuoni kusoma jina lake juu ya maneno ya mtu mwingine.

Akaenda ofisini kwa mkufunzi wao, Mwalimu Ndalahwa. Alimwamkia, akauliza kosa lake. Mwalimu akamweleza bila ukali kwamba kwenye insha ya chuo kila dai huonyesha limetoka wapi.

"Limetoka kwa bibi yangu."

"Bibi si chanzo, Coleta."

"Walioandika vitabu vya kilimo walimuuliza nani, Mwalimu?"

Mwalimu akampa wiki moja arudie. Akishindwa, alama zibaki zilivyo.

Jumamosi Coleta alikuwa Mpui, shambani kwa bibi Silvana. Alimuuliza yote upya kama mgeni, akiandika tarehe, jina, umri na mahali shamba lilipo, akapima matuta matatu kwa kamba. Hapo ndipo alipogundua amekosea. Yeye aliandika kuwa majani hufukiwa mvua zinapoanza. Bibi akasema hufukiwa zikielekea kwisha, ardhi ikiwa bado laini. Coleta aliona aibu, akarekebisha sentensi hiyo. Nyingine zote aliziacha vilevile. Kwenye marejeo akaandika mahojiano na Silvana, mkulima.

Jumatatu alimkabidhi Mwalimu insha, akamwonyesha mwenyewe palipokuwa na kosa.

"Ungenyamaza nisingejua," Mwalimu alisema.

"Bibi angejua."

Alipata sitini na nne. Oswaldi bado alikuwa mbele yake, na hakuacha kumkumbusha.

Insha ya pili ilihusu kuhifadhi nafaka. Mwalimu alipouliza nani ana swali, Coleta alisimama, akataka kujua maneno ya mtu aliyehojiwa kwa Kifipa, lugha ya nyumbani kwao, yanaandikwa kwa Kifipa au kwa Kiswahili. Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema watalizungumza siku nyingine. Coleta hakukaa. Alibaki amesimama, daftari mkononi, mpaka alipojibiwa.