Saba Mara Sita Jarubani

Uvumi ulimkuta Bakoly kwenye foleni ya bomba la maji, na tangu hapo ukamganda kama kupe: mwalimu mpya atawarudisha darasa la pili watoto wote watakaoshindwa jedwali la saba Jumatatu. Binti yake, Fanja, alikuwa darasa la tatu, na saba ndizo hasa zilizomshinda.

Alhamisi jembe haliingii kwenye majaruba ya mpunga, ni mwiko tangu enzi za mababu, na shule zilikuwa bado zimefungwa, basi Bakoly akapata siku nzima. Akamkalisha mtoto jikoni, yeye ameshika ufito.

"Imba!"

"Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne..."

Kufika jioni Fanja aliziimba zote bila kukwama, sauti imemkauka.

"Saba mara sita?" mama akamshtukiza.

"Saba mara moja, saba. Saba mara mbili..."

"Nimekuuliza mara sita, we mtoto!"

Fanja akaangua kilio. Pale mkekani mama mkwe, Bibi Razay, akaguna. "Mkwe wangu, umefuga kasuku mwenyewe, sasa unamgombeza kwa kuwa kasuku?"

Bakoly akauweka ufito kando.

Jumamosi walikwenda kupandikiza mpunga. Bibi alivuta kamba yake kukatisha jaruba. Ilikuwa na mafundo saba. Kila fundo mche mmoja, safu ikiisha kamba inasogezwa.

"Fanja, niletee miche ya safu sita. Usizidishe hata mmoja, utaninyaukia juani."

Bakoly akafungua mdomo amsaidie. Bibi akamkata jicho, naye akaufunga tena.

Mtoto aliitazama kamba, akaenda kitaluni, akarudi na miche kwenye sinia. Bibi akapanda safu sita. Hakuna mche uliobaki, hakuna fundo lililokosa.

"Umehesabu mmoja mmoja?" mama akauliza.

"Aa, mama. Safu tatu ni ishirini na moja. Tatu nyingine, ishirini na moja tena. Arobaini na mbili."

"Na safu nane je?"

Fanja akatazama tope. "Naongeza mbili... hamsini na sita!"

"Haya msomi, rudi kitaluni," Bibi akasema. "Mgongo wangu hausubiri majedwali."

Jumatatu mwalimu alimvamia na saba mara tisa. Fanja akafumba macho, akajibu sitini na tatu, akabaki darasani kwake. Watoto watatu walirudishwa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa Ravao, jirani yao. Ravao alipokuja kuuliza dawa, Bakoly alimwekea maji ya moto yaliyochemshwa na ukoko wa wali, akamweleza bila kuficha makosa yake:

Usimwimbishe mtoto jedwali zima kabla hajaziona safu kwa macho.

Usishike ufito. Mtoto akiogopa anabahatisha tu.

Usimfundishe siku nzima. Nusu saa inatosha, aende akacheze.

Usimlinganishe na Fanja.

Usimjibie, hata ulimi ukikuwasha.