Mashine ya Kuazima

Wakubwa wakija, kituo hupendeza. Mapazia hupatikana, wauguzi hushonewa sare mpya, na kinachokosekana huazimwa kwa jirani. Demetria, mratibu wa huduma za afya ya jamii wa manispaa, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Miaka yote aliyosimama kati ya wananchi na serikali aliamini kwamba mkubwa akifurahi, fungu hutoka, na fungu likitoka mama wa Chanika hujifungua salama. Mara nyingi ilikuwa hivyo, tumpe haki yake.

Basi siku ya kuzindua wodi mpya ya wazazi aliichukua mashine ya oksijeni ya zahanati ya bondeni, waliyokuwa nayo moja tu, akaiweka nyuma ya utepe. Aliahidi kuirudisha kabla jua halijakaza. Mgeni rasmi akachelewa, kama kawaida yao, na jua lilipofika utosini simu ikaita.

"Shikamoo mama," alisema Lusungu, muuguzi wa zahanati ile. "Kuna mtoto kazaliwa sasa hivi, hapumui vizuri. Namsukumia hewa kwa mkono, siwezi kumwachia nikaja naye huko. Naomba mashine yetu."

Demetria alikimbilia wodini. Ofisa wa itifaki alimkatalia: wodi imeshakaguliwa, haingii mtu. Akamwomba, akamlilia mbele za watu. Mwisho alinyakua mkasi uliowekwa kwenye sinia kwa ajili ya mgeni rasmi, akaukata utepe mwenyewe, akaikokota mashine hadi garini, dereva wake Gozbert akaondoa gari. Kazi ilikuwa imeshaota nyasi, na hakujali.

Hawakufika mbali. Njia panda, askari alikuwa ameifunga barabara kupisha msafara, na aliyehangaika mpaka ikafungwa, mgeni asije akakwama, ni Demetria huyo huyo. Alishuka, akasihi. Askari alimsikiliza kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Ni amri, mama."

Magari yalipita, vioo vimefungwa. La mwisho lilipokuwa likipita, simu ikaita tena.

"Mama, msikimbie tena," Lusungu alisema, sauti imemkauka.

Demetria alilia bila kujificha uso. Askari akawapungia mkono wapite, lakini Gozbert hakuondoa gari.

"Tuirudishe kwenye uzinduzi, mama?"

"Nenda zahanati," alisema. "Mashine ni yao."