Namba ya Mtalaka

Wafanyakazi walimwita Kufuli, ila si mbele yake. Katika biashara yake ya kukodisha mahema na viti alifunga kila kitu: ghala, droo, choo, hata bakuli la sukari lililala kabatini. Basi aliposhauriwa ahamishie kazi zake mtandaoni, kwenye lile wanaloliita wingu, alicheka mpaka akakohoa. Uweke mambo yako kwenye kompyuta za watu usiowajua, tena uwalipe kila mwezi? Huo aliuona wazimu.

Aliyemshauri alikuwa mkewe wa wakati huo. Haukupita muda, bomba la ghorofa ya juu likapasuka, kompyuta ya ofisini ikalowa chapachapa, oda za msimu mzima zikaenda na maji. Mama wa watu hakumsimanga. Aliketi, akafungua akaunti mtandaoni kwa namba yake ya simu, akawapigia wateja mmoja mmoja na kuzipanga oda upya. Tangu hapo hata dereva aliona kwenye simu yake hema gani linakwenda wapi.

Kisha ndoa ikavunjika. Kufuli akawaondoa wafanyakazi wote kwenye akaunti, akabaki peke yake, na kwa wateja akajigamba kwamba mfumo ule ameubuni mwenyewe.

Ijumaa moja akabadilisha nywila kwa ajili ya usalama. Jumamosi asubuhi alikuwa ameshaisahau. Akajaribu hiki na kile mpaka kioo cha kompyuta kikamwambia: tumetuma msimbo kwa namba inayoishia na 47. Namba hiyo aliijua kuliko yake mwenyewe.

Uani malori yalikuwa yamepakiwa, yananguruma bure.

"Bosi, tunaelekea wapi?" dereva akauliza mlangoni.

"Subiri."

"Na bibi harusi naye asubiri?"

Kufuli akapiga simu.

"Msimbo umeingia hapa," mtalaka wake akasema, hata salamu hakuna. "Nikajua tu, yule bwana kajifungia nje."

"Nisomee basi."

"Kwanza niambie. Mfumo huo nani aliuanzisha?"

"Tuliuanzisha pamoja."

"Msimbo haukai sana, bwana. Utakwisha muda."

"Wewe," akanong'ona.

"Sikusikii, mtandao wa huku mbovu."

"Wewe ndiye uliyeuanzisha," akasema kwa sauti, na dereva akajitia kuchunguza bawaba za mlango. "Nami nilikucheka. Nilikosea."

Mtalaka wake akamsomea tarakimu polepole, kwa sauti ileile aliyomsomea oda za asubuhi miaka yote ile, na Kufuli akahisi kwamba amemkumbuka mno.

"Na uwafungulie wafanyakazi wako," akaongeza. "Hakuna anayeiba hema kwa kulitazama kwenye simu. Halafu namba yangu uitoe humo, nina shughuli zangu."

"Nitaitoa."

Akaunti ikafunguka. Kufuli akamrudisha dereva kwanza, kisha wengine, na malori yakaondoka moja baada ya jingine. Alipobaki peke yake, kioo kikamuuliza kama angependa kubadilisha namba ya usalama. Ndiyo, au Baadaye.

Akalitazama swali hilo kwa muda. Akabonyeza Baadaye, kisha akatafuta ufunguo wa kabati la sukari na kulifungua.