Mwitikiaji

Mimi ndiye kijana wa mashine ya kusaga. Ukiniona jioni utadhani nina miaka tisini: nywele nyeupe, kope nyeupe. Ni unga tu. Hata cheti changu cha kidato cha nne, kilichobandikwa ukutani juu ya mota, kimeota mvi.

Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyeleta habari. Alitaka nyimbo za palizi za huku kwetu ziimbwe mbele ya watu, wazijue kabla hazijapotea kabisa. "Nani bado anazijua?"

"Bibi yangu," nikasema, mdomo ukiwa umetangulia akili kama kawaida yake.

Bibi hakukataa. Tangu dada yake azikwe mwaka jana, alikuwa anaongea na mimi na kuku tu, na kuku ndio waliokuwa wasikivu. Jumamosi akavaa gauni la kutokea, akajipaka mafuta mpaka viwikoni. Njiani aliniuliza mara mbili, "Watakuja kweli?"

Walikuja. Jumamosi kijiji chote kinasaga. Nikazima mashine, akina mama wakakalia ndoo zao, mwalimu akatoa simu arekodi.

Bibi akafumba macho. Kimya. Tukangoja. Kimya tu. Halafu ghafla: "Eee, nakuja, nyuma yako nakuja." Kimya tena, kirefu. "Eee, nakuja, nyuma yako nakuja."

"Bibi, mtandao unakatika?" fundi baiskeli akauliza. Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitadanganya.

Bibi akafumbua macho. "Mimi ni mwitikiaji," akasema. "Anayeanzisha ni dada."

"Dada alikuwa anaimba maneno gani?" mwalimu akauliza.

"Kila siku na yake. Ametangulia na jembe, anaimba alichokiona, aliyemuudhi, alichokiota. Mimi nyuma yake naitikia. Ningekariri nini?"

Nikaona hapa ndipo penyewe. Kama ni kutunga, si niko mimi? Nikapanda juu ya gunia nikaanzisha: "Mwalimu wetu ana suruali moja, ikifuliwa shule inafungwa!"

Uwanja ukalipuka. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka simu ikamponyoka. Nikamgeukia Bibi aitikie.

Hakuitikia. Alinitazama kama mtu aliyekimbilia kufungua mlango, akakuta siye aliyekuwa anamngoja.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, "Nimeimba vibaya?"

"Umeimba vizuri, mjukuu wangu. Ila wewe ulikuwa unawaambia wao. Dada alikuwa ananiambia mimi."

Utani wangu nikaurudisha mfukoni. Siku hiyo iandikwe.

Wiki nzima Bibi hakutoka. Jioni nikirudi namkuta ukumbini anachambua maharage, kiti cha dada yake kimegeuzwa kumwelekea. Nikileta utani anasema "Haya," mkono unaendelea na maharage. Nilikuwa nanawa unga huku namsikiliza akinyamaza, na nyumba ile ndogo ikawa kubwa mno kwa watu wawili.

Cha ajabu kilikuwa kule mashineni. Ile "Eee, nakuja" iliwanasa watu. Fundi baiskeli alijaza upepo kwa mdundo wake. Akina mama kwenye foleni wananyamaza kidogo, mmoja anainua kidevu kutoa ishara, halafu wote wanaingia kwa pamoja. Kijiji kizima waitikiaji, mwanzilishi hakuna. Hata timu ya mpira yenye makipa kumi na mmoja ina nafuu.

Jumamosi iliyofuata nikamdanganya Bibi kwamba mgongo unaniuma, abebe debe lake la mahindi mwenyewe. Akaja amenuna. Alipofika tu, nikazima mashine.

Akina mama wakatazamana. Wakatulia kidogo, kisha wakaingia: "Eee, nakuja, nyuma yako nakuja."

Bibi akasimama pale pale, debe kichwani. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilikuwa na utani wa kumwokoa tayari kwenye ulimi, lakini alinyoosha mkono, akawatuliza wote, na mimi nikiwemo.

"Mmeingia mapema," akasema. "Dada hajamaliza."

Alikuwa anatazama mbele yake, hatua mbili hivi, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Tukamngoja mpaka alipoinua kidevu.