Kisahani cha Kumi na Mbili

Kati ya visahani kumi na viwili vya kauri kilikuwa kimebaki kimoja, na Paskazia alikiogopa hata kukigusa.

Alikuwa mtafiti katika maabara ndogo ya betri huko Ilemela, kando ya ziwa. Betri waliyoitaka haikuwa na kimiminika cha kushika moto. Umeme ungepita ndani ya kisahani kigumu, na juu yake ingegandamana lithiamu, metali laini inayobeba nguvu nyingi. Basi lithiamu hiyo ilikuwa na kiburi! Ikiyeyushwa, ilijikusanya matone na kuteleza juu ya kauri. Ikilazimishwa, iliacha mianya, na kwenye mianya ikaota miiba iliyotoboa kisahani hadi betri ikafa. Kumi na moja zilikufa hivyo. Dokta Alexander, mkuu wake, hakumung'unya maneno: cha mwisho kikifa, utafiti unafungwa na nafasi ya Paskazia anapewa mwingine.

Jumamosi alikwenda mjini kwa Mzee Mbaruku, sonara, kuchukua pete ya dada yake iliyokatika. Alimwamkia, akaambiwa avute kiti, kazi bado kidogo. Mzee alikuwa akipiga msasa zile ncha mbili kabla ya kuziunga. Paskazia, ambaye hawezi kuona vumbi akatulia, alinyoosha kitambaa azipanguse. Mzee akamrudisha mkono.

"Acha, mwanangu. Nikishaikwangua inaingia motoni hapohapo. Ukiiacha ikae, hewa inaivisha nguo, na ikishavaa nguo haishiki."

Paskazia aliinuka ghafla kitini. Kule maabara utaratibu wa Dokta Alexander ulikuwa kupiga kisahani msasa, kukiosha kwa spiriti, kisha kukianika mezani hadi kesho yake. Saa zote hizo kinakaa kwenye hewa yenye unyevu wa ziwa! Walikuwa wakivivisha nguo hiyo wenyewe, utando usioonekana, tena kwa usafi na heshima zote. Aliondoka mbio kurudi maabara, pete akaisahau, mzee akamwita mpaka akachoka.

Hakumwomba mtu ruhusa. Alijua kikiharibika hatakuwa na la kujitetea. Alikitia kisahani kwenye sanduku la kioo lisiloingia hewa, akaingiza mikono kwenye glavu zake ndefu, akakisugua kikavu na papo hapo akakilaza juu ya lithiamu iliyoyeyuka.

Lithiamu ikatandaa. Ikaenea kisahani kizima kama samli kwenye chapati ya moto, bila tone hata moja kujitenga. Paskazia alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka.

Akaunda betri, akaanza kuijaza umeme na kuutoa, mfululizo. Zile nyingine hazikuwahi kuvuka siku ya pili. Hii ilivuka ya tatu, ya tano, ya saba, na mstari wa vipimo vyake kwenye kompyuta umenyooka. Chakula alikula amesimama, asije akapitwa.

Siku ya nane Dokta Alexander aliingia, akauliza amefanyaje. Alimweleza yote, na la kutoosha hakulificha. Mkuu aliutazama ule mstari.

"Miaka minne nimekuwa nikiviosha," alisema polepole. "Kwa mikono yangu."

 Furaha ya Paskazia ilimwonea haya mtu huyu.

Dokta Alexander alivua koti, akalitundika, akavuta kigoda na kuketi mbele ya sanduku.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nifundishe."