Jasho la Tanuri

Kitendawili nakutegea wewe uliyekaa hapo: ninaye mlaji, hana mwili, akila haachi majivu, akianza mlo hutoka jasho. Usikimbilie kunipa mji. Twende kwanza kwa Mama Vigae.

Mama Vigae alichoma vigae vya paa kwa kuni miaka arobaini, akalea na binti kwa kazi hiyohiyo. Kisha zahanati ikajengwa nyuma ya ukuta wake. Wagonjwa wa kifua wakawa wanakuja kutibiwa, wanaukuta moshi umewatangulia dirishani. Barua ikaja: mwezi ukiisha, moshi ukome au tanuri livunjwe.

Mkwe wake, fundi wa gesi, ndiye aliyeleta mitungi ya haidrojeni, akaipanga nje, akafunga vichomeo mahali pa kuni. Asubuhi wakapakia vigae mia mbili vya majaribio.

"Mkwe, nikuulize. Nitajuaje vimeiva?"

"Kipimo cha joto hiki hapa, Mama."

"Kipimo kinajua joto. Mimi nimeuliza kuiva."

Mkwe akajikuna kisogo. Alijua mama huyu husoma moshi kama wengine wasomavyo gazeti: ukiwa mzito, udongo bado mbichi, ukififia, umekaribia. Na moto huu haukuwa na moshi.

Akawasha. Mama Vigae akainama. "Mbona hamna kitu? Umewasha au umenuia?"

"Unawaka. Mchana hauonekani. Usisogee, tanguliza ufagio."

Akaunyoosha ufagio wa njukuti za mnazi mbele ya kichomeo. Ncha zikashika moto hewani, kana kwamba zimejiwasha zenyewe. Mama Vigae akauchovya kwenye ndoo, akautazama, akaukung'uta maji. Kisha, kama mtoto aliyeonja sukari, akaunyoosha tena.

"Mama, ufagio tunao huo mmoja."

"Nyamaza, mkwe. Nasoma."

Haikupita nusu saa, bomba la juu likaanza kudondosha matone. Mama Vigae akatazama mbingu: nyeupe, hata wingu hakuna.

"Ni haidrojeni," mkwe akasema. "Ikiungua huzaa maji. Bomba likishapata moto yatakauka."

"Basi tanuri langu linatoka jasho. Na lenyewe limechoka kama mimi."

Jioni kipimo kikafika penyewe. "Nizime, Mama?"

Mama Vigae akavaa miwani myeusi, akasogelea tundu la kuchungulia. "Bado."

"Lakini kipimo..."

"Bado, baba."

Robo saa ikapita, kisha nyingine. Mkwe akashika koki, akaiachia, akaishika tena.

"Haya. Zima."

"Umejuaje?"

"Tukifungua nikiwa sina aibu, nitakujibu."

Siku ya tatu tanuri likapoa. Mama Vigae akapita vigae vya mbele, akaenda moja kwa moja mstari wa nyuma, ule ambao hutoka mbichi. Akakigonga kimoja kwa kifundo cha kidole. Kikalia ngii, kama kengele. Cha pili, ngii. Ng'ambo ya ukuta, muuguzi alikuwa anafungua madirisha.

"Haya, Mama, deni langu. Ulijuaje?"

"Miaka yote moshi umesimama mlangoni kama bawabu, namuuliza yeye habari za waliomo ndani. Juzi mlangoni hapakuwa na mtu. Nikachungulia, nikaviona vigae vyenyewe, kimoja kimoja: vya mbele rangi ya chungwa, vya nyuma bado vyekundu. Nikangoja vifanane."