Msikilizaji wa Kilimani

Kwa miaka saba Asmahani alikuwa akitangaza kipindi cha asubuhi katika redio moja ndogo pale Ngamiani, na hata siku moja hajauona mnara unaoipeleka sauti yake kwa watu. Alijua tu kwamba uko juu ya kilima, nyuma ya Muheza. Kwa hiyo Luqmani, fundi mitambo, aliposema Jumamosi anapanda kubadilisha feni ya kupozea mtambo, Asmahani alivaa raba za mwanawe, akamwambia wanakwenda wote.

Pikipiki iliwafikisha nusu ya njia. Iliyobaki waliikata kwa miguu, Luqmani mbele na feni begani, Asmahani nyuma akihema na kuvilaumu vitumbua vya asubuhi. Kileleni upepo ulitaka kumvua ushungi. Mnara wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko alivyoudhania. Chini yake palikuwa na kibanda cha matofali, na mlangoni amesimama mama wa Kibondei aliyevaa koti la mlinzi. Huyo ndiye Praxeda, aliyeulinda mtambo ule na kuuwasha kila alfajiri.

Asmahani akamwamkia. Mama yule aliinamisha kichwa kidogo, kama anayeionja sauti, kisha akatabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Jumatatu hukuimba. Ulikuwa unaumwa?"

Asmahani akasema labda amemfananisha, yeye hajapata kuimba redioni. Praxeda akamwonyesha spika ndogo ukutani. Ikabidi Luqmani aache kufungua skrubu, aeleze. Sauti ya studio hufika kilimani kwanza, ndipo mtambo huitawanya, na mtambo huwashwa saa kumi na mbili kamili; kabla ya hapo husikika kwenye spika hiyo tu. Sasa Asmahani hufika studio saa kumi na moja na nusu, hufungua maikrofoni, na huku anapanga karatasi zake huimba, akidhani anaziimbia kuta.

Uso ulimwaka. Akauliza nani mwingine humsikia.

"Mimi tu," Praxeda alisema. "Sikumwambia mtu. Nilichelea utaacha."

Walikaa kwenye benchi wakala mihogo ya kuchemsha kwa chai, Luqmani akigongagonga ndani. Asmahani akajikuta anasimulia habari za Jumatatu ile: alikuwa amegombana na dadaye Nasra usiku wa kuamkia siku hiyo, na asubuhi hakuwa na hamu ya kuimba. Wamekwisha patana. Lakini kazini hakuna aliyegundua, hata aliyekaa naye meza moja. Praxeda alimwongezea chai. Feni ilipoanza kuvuma alimwachia Asmahani abonyeze swichi ya kuuwasha mtambo, na wawili hao wakapeana namba za simu.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja na nusu, Asmahani alifungua maikrofoni, akatoa shikamoo, akauliza kama huko juu kuna baridi, kisha akaimba. Kabla ya saa kumi na mbili simu yake ikatikisika mezani. Praxeda alikuwa anaomba wimbo mwingine, wenye mwendo wa haraka kidogo, maana ana nguo nyingi za kufua.